Uliza Mama Tiketi: Kwenda masaa kumi na tano, kurudi sita?

Kwa msomaji mgeni: nimekata tiketi za ndege mjini Mwanza kwa miaka ishirini na sita, mwanzoni kwa kalamu na karatasi ya kaboni iliyonichafua vidole, baadaye kwa kompyuta. Sasa nimestaafu, nakaa Kirumba, na ndege inayokwenda kutua Ilemela naisikia kabla sijaiona.

Mwezi huu nimechagua barua tatu, zote za umbali na muda. Walimu wa Kiswahili mnisamehe mapema. Najua wingi wa saa ni saa. Lakini humu nitasema "saa" nikimaanisha ile ya ukutani, na "masaa" nikimaanisha muda wa safari. Vinginevyo nikiandika "saa kumi na nusu" hamtajua kama ndege inaondoka jioni au inakaa angani muda wote huo.

*

*Shikamoo Mama Tiketi. Mimi nauza dagaa na mabondo hapa Mwaloni. Mdogo wangu anakwenda Guangzhou kwa mara ya kwanza kuchukua spea za pikipiki. Tiketi inasema ndege inatoka Dar 20:30 na kufika Guangzhou 12:00 kesho yake. Nimehesabu kwa vidole nikapata masaa kumi na tano na nusu. Ya kurudi inatoka huko 14:00, inafika Dar 20:15 siku hiyo hiyo. Masaa sita na robo! Kwani wakati wa kurudi wanateremka mlima? Tena kwenye intaneti tumekuta umbali wa aina tatu: 8,710, 5,410 na 4,700. Tushike upi?*
Mfanyabiashara, Mwaloni, Kirumba

Marahaba mwanangu. Vidole vyako havina kosa. Umehesabu vizuri kabisa, ila umeanzia kwenye saa ya Dar ukamalizia kwenye saa ya Guangzhou, ni sawa na kupima kitambaa kuanzia kwenye futi ukamalizia kwenye mita.

Tiketi ya ndege, popote duniani, huandika muda wa kuondoka kwa saa ya mji unaouacha, na muda wa kufika kwa saa ya mji unaofikia. China yote iko mbele yetu kwa masaa matano. Mdogo wako akitua saa sita mchana ya kwao, wewe hapo Mwaloni ni saa moja asubuhi, ndiyo kwanza unatandaza dagaa juani. Sasa hesabu upya kwa saa yetu peke yake: toka saa mbili na nusu usiku mpaka saa moja asubuhi. Masaa kumi na nusu. Ya kurudi inaondoka saa nane mchana ya kwao, ambayo kwetu ni saa tatu asubuhi, inafika saa mbili na robo usiku. Masaa kumi na moja na robo.

Kwa hiyo mlima upo, lakini unapandwa wakati wa kurudi! Hizo dakika arobaini na tano za ziada ni za upepo. Huko ndege zinakopita, kilomita kumi mpaka kumi na mbili juu, kuna mikanda ya upepo mkali unaotoka magharibi kwenda mashariki. Hapa kwetu karibu na ikweta hausumbui, lakini ukisogea kusini mwa China, hasa miezi yao ya baridi, unaukuta. Anayekwenda mashariki unamsukuma mgongoni, anayerudi unampiga kifuani. Mvuvi wa Mwaloni simfundishi hilo. Wanaoruka kati ya London na New York wanalijua zaidi, maana wao wamo katikati ya mkondo wenyewe: kwenda Marekani ni kama masaa manane, kurudi Uingereza kama saba, na umbali ni ule ule wa kilomita 5,540 hivi.

Zile namba tatu zote ni za kweli. 8,710 ni kilomita. 5,410 ni maili za kawaida, zile za Waingereza. 4,700 ni maili za baharini, ambazo rubani anazitumia kama nahodha wa meli. Maili moja ya baharini ni kilomita 1.852. Hukukutana na umbali wa aina tatu, umekutana na vipimo vitatu vya umbali mmoja. Wewe shika kilomita.

Na ukishika kilomita, nikupe kanuni yangu ya kaunta, maana kuna wateja waliokuwa wakiniuliza muda kabla kompyuta haijaamka. Gawa kilomita kwa 850, halafu ongeza nusu saa ya kupanda, kushuka na kuzungukazunguka uwanjani. Mwanza mpaka Dar kwa mstari wa angani ni kama kilomita 850. Ukigawa unapata saa moja, ongeza nusu, na hivyo ndivyo ndege ya jeti inavyokwenda, kidogo huku au kidogo kule. Guangzhou: 8,710 kwa 850 ni kumi na robo hivi, ongeza nusu, kumi na dakika arobaini na tano. Nimekosa tiketi yako kwa robo saa tu. Kanuni hii inafika mpaka kwenye ile safari ndefu kuliko zote za ndege za abiria zisizotua njiani, Singapore na New York, zaidi ya kilomita 15,300. Inakupa masaa kumi na nane na nusu, na ratiba zao ziko humo humo. Ila usiitumie kwa vile vindege vya pangaboi. Vile vina mwendo wao.

Wengine wataniandikia kwamba kwenye ramani ya ukutani mstari wa Dar na Guangzhou ukipimwa kwa rula hautoi 8,710. Ni kweli hautoi. Ramani ya ukutani ni ganda la chungwa lililolazimishwa kulala bapa. Chukua chungwa lenyewe, chomeka vijiti viwili vya kiberiti, vuta uzi kati yake mpaka ukaze. Uzi huo ndio njia fupi. Toka Dar unakata Bahari ya Hindi, unapita juu ya India ya kusini, unavuka Ghuba ya Bengal, Myanmar, kaskazini mwa Thailand, Laos na Vietnam, ndiyo unaingia China. Rubani hafuati uzi hatua kwa hatua, kuna njia za anga na mawingu ya kukwepa, lakini hawi mbali nao.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hukuliuliza, nalo ndilo litakalomtesa mdogo wako. Kama kungekuwa na ndege ya kutoka Mwanza moja kwa moja mpaka Guangzhou, ingekwenda kilomita 9,135 hivi. Kupitia Dar ni 850 na 8,710, jumla 9,560. Yaani kuzunguka Dar kunamwongezea kilomita mia nne na kitu, ambazo kwa jeti ni nusu saa. Lakini je, anapoteza nusu saa? Umeniambia kwenye barua yako nyingine kwamba ndege yake ya Mwanza inaondoka saa nane mchana. Basi anatoka nyumbani saa tano asubuhi, Dar anatua saa tisa na nusu, anakaa masaa matano mpaka saa mbili na nusu usiku, anatua Guangzhou saa moja asubuhi ya kwetu. Toka mlangoni kwako ni masaa ishirini. Ya angani ni kumi na mawili. Mengine manane ni ya foleni, viti vya chuma na chai ya bei ya uwanja wa ndege, na hapo sijahesabu foleni ya pasipoti kule.

Nani asiyekumbuka Kigongo, pale pa kuvukia ziwa kwenda Busisi? Maji yale ni kilomita tatu. Niliwahi kukaa masaa mawili pale na mama yangu mgonjwa kwenye kiti cha nyuma, nikiangalia Busisi kwa macho, nasubiri kivuko. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025, ni dakika chache tu. Kilomita ni zile zile tatu.

Ndiyo maana mtu akija kwangu na tiketi ya bei nafuu ya kupitia Dubai sikuwa nacheka, ila nilimwomba anionyeshe masaa ya kusubiri kwanza. Dar, Dubai, Guangzhou ni kama kilomita 9,800, yaani 1,100 zaidi ya ile ya moja kwa moja. Hizo ni saa moja na ushee angani, si kitu. Lakini kama atangoja Dubai masaa tisa, hiyo nafuu ailipie mwenyewe kwa mgongo wake.

Mambo mawili ya mwisho kwako. Kwanza, hakikisha safari ya Mwanza–Dar na ya Dar–Guangzhou ziko kwenye tiketi moja. Zikiwa tiketi mbili za kununua mbalimbali, ndege ya Mwanza ikichelewa, ile kubwa haina habari naye. Kama ni mbili tayari, apande ya asubuhi. Pili, asipatane bei ya spea siku anayofika wala usiku wake. Saa nane ya usiku ya Guangzhou, mwili wake utakuwa unasema ni saa tatu usiku, muda wa kukaa macho, na kesho yake atakuwa anasinzia mbele ya muuzaji aliyelala vizuri.

*

*Mwangaluka dada. Binti yangu amepata nafasi ya kusoma Uturuki. Tiketi yake ya Dar–Istanbul imeandikwa Jumatano 00:55. Tumepanga Jumatano mchana tumpikie hapa Igoma, ndugu watoke Magu na Misungwi, halafu jioni apande ndege ya kwenda Dar. Ninachouliza, saa za Istanbul na za kwetu zimepishana vipi, ili tujue kumpigia saa ngapi?*
Mama Mlezi, Igoma

Mwangaluka mayo. Barua yako sikuiacha ingoje gazeti. Uliweka namba ya simu, nami nilikupigia jioni ile ile, na nashukuru chakula mlikisogeza. Naiweka hapa kwa sababu najua si ninyi peke yenu.

00:55 ni saa saba kasoro dakika tano usiku. Tatizo ni usiku upi. Kwa tiketi, Jumatano inaanza pale tu saa sita ya usiku inapopita. Kwetu sisi, mtu akisema "Jumatano usiku" anafikiria ule usiku unaokuja baada ya mchana wa Jumatano. Hizo ni nyusiku mbili tofauti. Ndege ya binti inaondoka usiku wa kuamkia Jumatano. Anatakiwa awe uwanjani Dar Jumanne saa nne usiku, kwa hiyo Mwanza aondoke Jumanne mchana, wala si ndege ya mwisho. Mngekula Jumatano kama mlivyopanga, wakati ndugu wa Magu wanashuka kwenye basi, ndege ingekuwa imeshatua Istanbul toka saa mbili asubuhi, kiti cha binti kikiwa kitupu.

Sikulaumu, kwa sababu kosa hili nililifanya mimi niliyekuwa nalipwa nisilifanye. Mwaka 1998 nilimkatia tiketi mzee mmoja aliyekuwa anakwenda kumwona mwanawe Ulaya. Nikamwandikia kwa mkono kwenye bahasha, kwa Kiswahili, ili nimrahisishie: "Jumatano saa saba usiku." Mzee akafanya nilichoandika. Jumatano akala chakula cha jioni kwa shemeji yake Dar, akaoga, akavaa suti, akafika uwanjani saa nne usiku, mapema kabisa, na bahasha yangu mkononi. Ndege yake ilikuwa imeondoka usiku wa kuamkia siku hiyo. Alinipigia kwa simu ya mezani asubuhi, hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mama, mimi nimekosea wapi?" Nilikatwa kwenye mshahara gharama ya kumbadilishia, na toka siku hiyo kila tiketi ya baada ya saa sita usiku niliiandikia siku mbili: *unatoka nyumbani Jumanne, ndege inaruka usiku wa kuamkia Jumatano.* Kiswahili chetu kina neno hilo zuri la kuamkia, na mimi nililikalia.

Kuna na kosa dogo lake, la wale wanaosoma namba kama zilivyo. Tiketi imeandikwa 03:40, mtu anasema ni saa tatu na dakika arobaini, anakwenda kulala. Hiyo ni saa tisa na dakika arobaini usiku. Tazama saa ya ukutani: namba iliyo kwenye tiketi, sisi tunasoma ile inayotazamana nayo upande wa pili. Tatu inatazamana na tisa, mbili na nane. Ikizidi kumi na mbili, toa kumi na mbili kwanza: 20:30 inabaki nane, nane inatazamana na mbili, saa mbili na nusu usiku.

Sasa swali lako lenyewe. Istanbul na Mwanza saa ni moja, mwaka mzima. Zamani Waturuki walikuwa wakirudisha saa nyuma majira ya baridi, tangu 2016 wameacha. Mpigie saa moja jioni, naye ni saa moja jioni.

Utashangaa, maana ni mbali: Dar mpaka Istanbul ni kama kilomita 5,460, masaa saba ya kuruka. Lakini yeye anapanda kaskazini, hafuati jua wala halipi kisogo. Saa hubadilika ukienda mashariki au magharibi, kwa kadiri ya saa moja kila nyuzi kumi na tano za duara la dunia. Guangzhou iko nyuzi 74 mashariki ya Dar, gawa kwa kumi na tano, unapata kama yale masaa matano ya yule wa Mwaloni. Hata humu nchini jua linatudai. Dar na Mwanza tunatumia saa moja, lakini sisi tuko nyuzi sita na kitu upande wa magharibi, ndiyo maana mwezi wa Ramadhani wenzetu wa Dar wanakuwa wameshakunywa uji, sisi bado dakika ishirini na kitu tunalitazama jua limekaa juu ya ziwa haliondoki.

*

*Shikamoo bibi. Mimi ni mwanafunzi wa darasa la sita, Sengerema. Mwalimu ametufundisha kwamba dunia inajizungusha yenyewe kwenda mashariki. Sasa kwa nini helikopta isipae juu tu, isimame pale pale, ingoje mpaka Marekani ije chini yake ndiyo ishuke? Si watu wasingelipa nauli kubwa?*

Marahaba mjukuu wangu. Miaka ishirini na sita kaunta na hakuna mteja aliyenijia na njia ya kukwepa nauli iliyofikiriwa hivi.

Mwalimu wako kasema kweli. Ardhi ya ikweta inakwenda kilomita 1,670 kwa saa, na sisi wa kandokando ya ziwa tumekaa karibu sana na ikweta, kwa hiyo mwendo wetu ni karibu ule ule. Ni karibu mara mbili ya jeti. Kama helikopta yako ingeweza kusimama kweli huku dunia ikiteleza chini yake, robo saa tu ungekuwa juu ya Kongo, baadaye Gabon, halafu Atlantiki yote, halafu Brazil. Ya Marekani ungelazimika kupinda kidogo kaskazini.

Lakini helikopta haiwezi kusimama hivyo, kwa sababu hewa nayo inazunguka pamoja na ardhi. Ikiwa uwanjani, kabla hata panga halijaanza kuzunguka, helikopta tayari inakwenda mashariki na Sengerema yote, mabua ya mahindi na kuku wa jirani. Ikipaa haiachi ule mwendo chini, inapanda nao, na hewa inayoishikilia inakwenda nao. Ingekuwa hewa inabaki nyuma, tungekuwa tunapigwa na upepo wa kilomita 1,670 kwa saa usiku na mchana. Pale mjini Mwanza lisingebaki bati hata moja, na sijui kama lile Jiwe la Bismarck lingekaa.

Uliwahi kupanda meli ya kwenda Ukerewe? Mimi ni mzaliwa wa kule, nimeipanda toka nabebwa mgongoni. Wakati meli imeshika mwendo, sisi watoto tulikuwa tunaruka juu juu kwenye sitaha. Meli inakwenda, wewe uko hewani, lakini hakuna aliyeangukia majini nyuma ya meli. Kila mmoja alishukia pale pale aliporukia, na mara nyingi alishukia juu ya tenga la nanasi la mtu, akapigwa kofi. Unaweza kujaribu hata kwenye basi mkiwa mnavuka daraja kwenda Mwanza. Simama katikati, ruka mara moja, uone kama utaachwa nyuma. Ila mwombe konda kwanza, usiniponze.